Orodha ya mizani imevurugika baada ya kupangwa: nifanye nini?

Assalaamu alaykum, Ndugu Mshauri.

Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wakulima wa karafuu katika Wilaya ya Wete, Pemba. Wanachama wetu wanakaribia mia tatu na wanatoka katika shehia kadhaa, zikiwemo Kojani, Kangagani, Gando, Mtambwe Kaskazini na Mtambwe Kusini. Msimu huu kamati iliamua kuwa kumbukumbu zote za mizani ziingizwe katika Excel badala ya daftari, nami nikakabidhiwa faili ambalo karani aliyenitangulia alikuwa ameshalianza. Baadhi ya taarifa nililetewa na makarani wa mizani kwa WhatsApp, nikazinakili na kuzibandika. Zilizobaki niliziandika mwenyewe. Kila mstari ni mzigo mmoja uliopimwa: nambari ya mwanachama, jina, shehia, tarehe, kilo, daraja, bei na malipo, na mwishoni nambari ya simu na ya kitambulisho cha NIDA.

Taabu ilianza nilipotaka kuipanga orodha. Nambari za wanachama zinajipanga 1, 10, 100, 101, 11, 12, kisha ndiyo 2. Tarehe ndiyo kabisa: mizigo tuliyoipima Septemba mwaka 2025 inaonekana kana kwamba ilipimwa mwezi wa Machi, na mingine imekwenda chini kabisa ya orodha bila ya mpango wowote. Jumla ya kilo inayotolewa na kompyuta ni ndogo kuliko ile tuliyoipata kwa kikokotoo. Kojani inajitokeza juu kabisa ya orodha, kisha inajitokeza tena mahali pake. Nambari za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo, na za NIDA zimegeuka kitu nisichokifahamu, chenye herufi E katikati.

Linaloniogopesha zaidi ni kwamba wiki iliyopita kijana anayenisaidia ofisini alipanga majina kwa alfabeti, likatokea onyo lenye machaguo mawili, akachagua moja na kuhifadhi faili. Sasa mzee mmoja ambaye sote tunajua kuwa ana mikarafuu michache nyuma ya nyumba yake ndiye anayeongoza kwa kilo. Malipo yanasubiriwa, na baadhi ya wajumbe wa kamati wanasema tuchange tununue kompyuta mpya kwa kuwa hii imechoka. Naomba uniongoze.

Bi Katibu, Wete

*

Wa alaykumu salaam, Bi Katibu.

Umeeleza mambo mengi, lakini hayana uzito mmoja, kwa hiyo sitayafuata kwa utaratibu ulioyaandika. Nambari kujipanga 1, 10, 100 ni kero tu, ilhali jina la mtu kukaa mbele ya kilo za mtu mwingine ni fedha za watu. Basi kabla ya jambo lolote, usilipe hata shilingi moja kwa kutumia orodha hiyo kama ilivyo sasa, na wala usiipange tena. Lifunge faili, ulinakili, na nakala uipe jina jingine; kazi yote nitakayokueleza ifanyike katika nakala.

Kijana wako alikutana na onyo ambalo Excel hulitoa mtu anapochagua kolamu moja tu, yenye kolamu nyingine pembeni, kisha akaamuru ipangwe. Programu huuliza iwapo itanue uchaguzi hadi kolamu za jirani, ambalo kwa Kiingereza cha kwenye kioo ni "Expand the selection", au iendelee na kolamu ile ile pekee. Ukichagua la pili, majina yatajipanga kwa alfabeti kama ulivyotaka, lakini yatapanda na kushuka peke yake huku kilo, daraja na malipo vikibaki pale pale. Ndiyo maana mzee wenu amekuwa tajiri wa karafuu kwa usiku mmoja. Kitufe cha kutengua kingemaliza kazi iwapo faili lisingefungwa. Likishafungwa na kufunguliwa upya, njia hiyo haipo tena.

Hata hivyo, kuna faraja ndani ya barua yako. Kilichohama ni majina tu, maana yake nambari ya mwanachama bado imekaa katika mstari mmoja na kilo zake. Kwa hiyo unachohitaji ni orodha yoyote ya zamani inayoonesha nambari fulani ni ya nani. Tafuta faili la karani aliyetangulia, tafuta nakala uliyowahi kumtumia mshika fedha kwa barua pepe au kwa simu, na kama faili lenu linahifadhiwa katika OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, tazama historia ya matoleo yake, kwani humo unaweza kulirejesha lilivyokuwa kabla ya siku ile. Vyote vikikosekana, rejista ya wanachama iliyoandikwa kwa wino inatosha. Ni kazi ya kuandika majina mia tatu, haizidi hapo.

Ukishaipata orodha hiyo, iweke katika karatasi ya pili ndani ya faili hilo hilo na uipe jina Zamani, nambari zikiwa kolamu A na majina kolamu B. Kisha rudi katika karatasi ya mizani, ongeza kolamu tupu, na kwenye mstari wa pili uandike fomula hii: =VLOOKUP(A2,Zamani!A:B,2,FALSE), inayoitafuta nambari katika Zamani na kukuletea jina lake, halafu uiburute hadi chini. Neno FALSE mwishoni usilisahau, kwa sababu bila yake programu inaridhika na nambari inayokaribiana na ile unayoitafuta, na katika mambo ya malipo kukaribiana hakutoshi. Ukiona #N/A, yaani haikupatikana, mahali ambapo una hakika mwanachama yupo, usishangae; sababu yake ni ile ile inayozivuruga nambari zako, nami naieleza hapa chini. Majina yakisharudi, chukua stakabadhi chache za kila siku ya mizani na uzilinganishe na orodha mbele ya mshika fedha. Mimi ningeanza na mzigo wa yule mzee.

Sasa tuje kwenye kiini cha sehemu kubwa ya taabu zako. Excel haipangi kile unachokiona kwenye kioo, inapanga kile kilichohifadhiwa ndani ya kisanduku, na hivi viwili aghlabu havifanani. Tarakimu 10 inaweza kuhifadhiwa kama namba, yaani kiasi kinachoweza kujumlishwa, au kama maandishi, yaani alama ya 1 ikifuatiwa na alama ya 0. Namba hupangwa kwa ukubwa wake. Maandishi hupangwa kama maneno ya kamusi, herufi baada ya herufi kuanzia kushoto, na kwa kuwa 1 inatangulia 2, basi 10, 100 na 101 zote zitaitangulia 2. Katika mpango wa kupanda, namba zote hukaa juu, maandishi yakafuata, na visanduku vitupu hukaa mwisho kabisa, iwe unapanda au unashuka. VLOOKUP nayo ina macho hayo hayo: 12 ya maandishi na 12 ya namba kwake ni vitu viwili tofauti, na hiyo ndiyo #N/A niliyokutahadharisha.

Namna ya kugundua ni nyepesi. Kama hakuna aliyebadilisha mkao, namba husogea kulia mwa kisanduku na maandishi hubaki kushoto. Nimesema kama hakuna aliyebadilisha, kwa sababu makatibu wengi hupenda kuweka kila kitu katikati ili karatasi ipendeze, na hapo ile dalili hufichika. Rejesha mkao wa kawaida kwanza ndipo utazame. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya kisanduku nayo ni dalili. Ukitaka hakika, tumia fomula mbili kwenye kolamu ya kilo, ukiacha kichwa chake: COUNT huhesabu namba peke yake, na COUNTA huhesabu kila kisanduku chenye kitu ndani. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni idadi ya visanduku vyenye maandishi yaliyovaa sura ya namba.

Hapo pia utakuwa umejibiwa kuhusu jumla ya kilo. SUM, fomula ya kujumlisha, inapopewa safu ndefu ya visanduku, huyaruka maandishi bila ya kusema lolote. Mzigo ulioandikwa "37.5 kg" haukujumlishwa kabisa, na vivyo hivyo mzigo ulioandikwa 37.5 lakini ukabandikwa kutoka kwenye ujumbe ukiwa na nafasi isiyoonekana mwishoni. Kolamu za bei na malipo nazo zitazame kwa jicho hilo hilo, maana mtindo wetu wa kuandika shilingi na kuzifunga kwa "/=" ni mzuri kwenye risiti ya mkono, lakini ndani ya kisanduku hugeuza fedha kuwa maneno. Kipimo kiandikwe mara moja tu, kwenye kichwa cha kolamu: "Kilo", "Malipo kwa shilingi". Kama mnarekodi pia pishi za karafuu mbichi kwa ajili ya kuwalipa wachumaji, zipewe kolamu yake. Zisichanganywe na kilo za karafuu kavu eti kwa kuwa herufi zitatofautisha.

Katika kurekebisha, wengi hukwama mahali pamoja: huchagua kolamu, hubadilisha muundo wake kutoka Text kwenda Number, kisha hushangaa kuona hakuna kilichobadilika. Muundo ni vazi tu. Kumvisha mtu kanzu na kilemba hakumfanyi kuwa imamu, na kisanduku kilichokwisha kuhifadhi maandishi hubaki na maandishi mpaka kiandikwe upya au kigeuzwe kwa amri. Anza kwa kuondoa takataka: tumia amri ya kutafuta na kubadilisha, tafuta kg, sehemu ya pili iache tupu, kisha ufanye hivyo hivyo kwa /=. Baada ya hapo chagua kolamu nzima, nenda menyu ya Data, fungua "Text to Columns", na ubofye "Finish" bila ya kubadilisha chochote; mara nyingi hiyo pekee hugeuza maandishi kuwa namba.

Zilizokataa kugeuka ni zile zilizobandikwa zikiwa na nafasi isiyokatika, ambayo kompyuta huijua kwa nambari 160. TRIM, ambayo watu hukimbilia, huondoa nafasi za kawaida zenye nambari 32 na kuiacha hiyo, ndiyo maana wengi hudhani TRIM haifanyi kazi. Katika kolamu tupu ya pembeni andika =VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(E2,CHAR(160),""))), E2 ikiwa ndiyo kisanduku chenye kilo, buruta hadi chini, kisha nakili majibu na uyabandike juu ya kolamu ya asili kwa njia ya kubandika thamani pekee, si fomula. Rudia COUNT na COUNTA. Zikilingana, jumla yako itakuwa sahihi, na nambari za wanachama, ukizifanyia haya haya katika karatasi zote mbili, zitajipanga 1, 2, 3.

Tarehe zinataka utulivu zaidi, kwa sababu hapa unaweza kuharibu ukidhani unatengeneza. Ndani ya Excel, tarehe ni hesabu ya siku ambayo 1 Januari 1900 ndiyo namba 1. Siku ya 3 Septemba 2025 imehifadhiwa kama 45903, na 9 Machi 2025 ni 45725. Sisi tunaandika siku kwanza kisha mwezi, lakini kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza. Ukiiandikia 3/9/2025 itaelewa Machi tarehe 9 na kuhifadhi 45725, bila ya onyo. Ukiiandikia 14/9/2025 itatafuta mwezi wa kumi na nne, haitauona, na itakuachia maandishi matupu. Kwa hiyo mizigo ya tarehe 1 hadi 12 imegeuziwa mwezi, isipokuwa pale siku na mwezi zilipolingana kama 9/9, na mizigo ya tarehe 13 na kuendelea imekuwa maneno yaliyokwenda kukaa chini ya orodha. Bila shaka ukiitazama tena utaona kuwa zile za chini zote zinaanzia 13.

Zile za chini ni rahisi. Zichague, fungua tena "Text to Columns", na katika hatua ya tatu chagua Date na mpangilio wa DMY, yaani siku, mwezi, mwaka. Zile zilizogeuzwa hurudishwa kwa =DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2)), fomula inayobadilishana siku na mwezi. Lakini usiiburute juu ya kolamu nzima. Faili la karani aliyetangulia huenda liliandikwa katika kompyuta yenye mpangilio wetu, na tarehe zake zikawa sahihi tangu mwanzo. Ukizipitishia fomula hiyo utazigeuza wewe. Kipimo kizuri unacho tayari: unaijua miezi mliyopima. Onesha tarehe kwa mtindo unaotaja mwezi kwa jina, dd-mmm-yyyy, na yoyote itakayoangukia nje ya msimu ndiyo ya kushughulikiwa. Zilizoangukia ndani ya msimu nazo si salama zote, kwani 10/9 na 9/10 zote mbili ni za wakati wa karafuu. Hizo ziamuliwe na stakabadhi.

Ukimaliza, badilisha mpangilio wa tarehe katika mipangilio ya Windows yenyewe ili siku itangulie, na uwaombe makarani wa mizani waandike 2025-09-14, mwaka mbele, mtindo ambao hauachi nafasi ya kubahatisha mwezi. Tabia hii ya Excel ya kugeuza vitu kuwa tarehe haikuwasumbua wakulima peke yao: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kadhaa, likiwemo MARCH1 ambalo sasa ni MARCHF1, kwa kuwa programu ilikuwa ikiyasoma kama tarehe za Machi. Kwa hiyo kama mna wazo la kuwapa wanachama nambari za mtindo wa 2-10, yaani shehia ya pili mwanachama wa kumi, liacheni.

Kojani ya juu kabisa ina nafasi mbele ya herufi K, na nafasi hutangulia herufi zote. TRIM pamoja na ile SUBSTITUTE zitaiondoa. Fungua pia kichujio cha kolamu ya shehia utazame majina yaliyomo, kwani sitashangaa kukuta Mtambwe Kaskazini, Mtambwe Kask. na M/Kaskazini zikihesabiwa kama shehia tatu. Yasawazishe, kisha tumia "Data Validation" kuweka orodha ya kuchagua ili asiwepo mtu wa kuandika jina la shehia kwa mkono.

Hujataja, lakini nahisi faili lina kichwa cha habari kilichounganishwa visanduku, mistari mitupu kati ya shehia, na jumla ndogo ndogo zilizoingizwa katikati. Yote hayo ni adui wa kupanga: visanduku vilivyounganishwa huleta ujumbe wa kukataa, mstari mtupu huifanya programu idhani orodha imeishia hapo, na jumla ndogo hupangwa pamoja na mizigo kana kwamba ni mwanachama. Viondoe, kisha simama ndani ya orodha na ubonyeze Ctrl+T ili iwe jedwali rasmi. Ukipanga kwa mishale ya vichwa vya jedwali, mstari mzima husogea pamoja, na ajali ya kijana wako haitajirudia. Ongeza na kolamu moja ya 1, 2, 3 inayohifadhi mpangilio wa mwanzo, uweze kuurudia wakati wowote.

Nambari za simu zilipoteza sifuri kwa sababu ziliingizwa kama namba, na namba haina haja ya sifuri mbele. Kolamu hiyo ipewe muundo wa Text kabla ya kuandika. Kwa zilizokwisha kuingia, muundo maalumu wa sifuri kumi, 0000000000, utaionesha sifuri iliyopotea. Za NIDA hazina dawa hiyo. Nambari ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho zimeshageuzwa kuwa sifuri na hakuna fomula ya kuzirudisha, itabidi zichukuliwe upya kutoka kwenye vitambulisho na ziandikwe kama maandishi. Ila jiulizeni kwanza kama mnazihitaji katika faili la mizani linalozunguka kwenye simu za makarani. Kwa maoni yangu zikae katika rejista ya wanachama, chini ya ufunguo wako.

Na kuhusu kompyuta mpya, waambie wajumbe wabaki na fedha zao. Itafanya haya haya siku ya kwanza, na ukihamia programu nyingine za aina hii, kama LibreOffice Calc au Google Sheets, utakutana tena na maandishi yanayojifanya namba na tarehe zinazosomwa kinyume. Karatasi moja ya Excel ya sasa inachukua mistari 1,048,576, hivyo kompyuta mliyonayo, ikiwa inafungua faili lenu bila ya kusita, inawatosha kwa mizigo ya misimu mingi.